Kujiandaa kwa mtihani wa NP Marekani: mwongozo kwa wauguzi wanaozungumza Kiswahili

Mwongozo huu unamhusu muuguzi anayezungumza Kiswahili aliyeko Marekani, ambaye amemaliza au anakaribia kumaliza masomo ya juu ya uuguzi, na ambaye kati yake na kazi anayoitamani umebaki mtihani mmoja wa cheti cha taifa. Kazi yenyewe ni ya muuguzi mwenye mamlaka ya kumpima mgonjwa, kubaini ugonjwa, kuagiza vipimo na kuandika dawa. Huku kila mtu humwita NP, kifupi cha nurse practitioner, nami nitatumia jina hilo hilo. Wapo NP wa watoto, wa afya ya akili, wa afya ya wanawake na wengineo, na kila kundi lina mtihani wake. Mifano yangu itatoka katika mtihani wa NP wa familia, yaani FNP, kwa sababu hiyo ndiyo njia iliyopitiwa na wengi wetu, nami nikiwemo.

Kabla ya hatua zenyewe, lipo jambo moja ambalo ningependa msomaji aende nalo hadi mwisho. Wengi wetu tulianza huku kama wasaidizi wa wauguzi katika nyumba za wazee, tukasoma tukawa wauguzi waliosajiliwa, tukakaa wodini miaka mitano, kumi, hata kumi na mitano. Katika miaka hiyo tumezoezwa adabu moja ya kazi, nayo ni njema: ukiona hali ya mgonjwa imebadilika au kipimo kimetoka nje ya kiwango, zuia dawa, mwarifu daktari, andika saa uliyompigia. Mtihani wa NP unamchukua mtu huyo huyo na kumweka upande wa pili wa simu. Anayepigiwa sasa ni yeye. Nimewaona wauguzi hodari, watu ambao ningewakabidhi mama yangu mzazi bila wasiwasi, wakikosa swali baada ya swali kwa kuwa mkono wao ulikwenda wenyewe kwenye jibu la kumsubiri mwingine aamue. Kwa hiyo sehemu kubwa ya maandalizi ni kuizoeza akili kuamua, na kila hatua ifuatayo inalenga huko.

Hatua ya kwanza: chagua bodi itakayokutahini

Kwa FNP kuna bodi mbili ambazo vyeti vyake vinatambuliwa na majimbo yote, nazo ni AANPCB na ANCC. Anayefaulu kwa AANPCB huandika FNP-C baada ya jina lake, na anayefaulu kwa ANCC huandika FNP-BC. Vyeti vyote viwili huhuishwa kila baada ya miaka 5, na sijawahi kuona mshahara wa mtu ukitofautiana kwa sababu ya herufi hizo.

Mtihani wa AANPCB una maswali 150 ya kuchagua jibu, na muda wake ni saa 3. Kati ya maswali hayo, 135 ndiyo yanayohesabiwa. 15 ni ya majaribio, nawe huwezi kuyatambua, kwa hiyo swali la ajabu lisikuvunje moyo. Alama hupangwa kwenye kipimo cha 200 hadi 800, na anayefikia 500 amefaulu. Karibu kila kitu ndani yake kinahusu mgonjwa: kumtathmini, kubaini ugonjwa, kupanga matibabu na kufuatilia matokeo. ANCC hutumia kipimo kinachoishia 500, na kufaulu ni 350. Mbali na mambo ya kliniki, huuliza pia kuhusu utafiti, maadili, sera za afya na uboreshaji wa huduma, na baadhi ya maswali yake hukutaka uchague majibu zaidi ya moja au upange vitu kwa kuvihamisha kwenye skrini.

Ushauri wangu ni kwamba aliyekuwa akisinzia katika somo la nadharia za uuguzi aende AANPCB, na aliyefurahia kuandika kuhusu utafiti asiiogope ANCC. Ukishachagua, pakua kitabu cha mwongozo wa watahiniwa cha bodi hiyo na ukisome chote, kwa kuwa ada na taratibu hubadilika, na anayejibu maswali yako kwenye kundi la WhatsApp huenda alifanya mtihani miaka sita iliyopita.

Hatua ya pili: sawazisha majina na karatasi

Hatua hii inaonekana ndogo, lakini sisi hutusumbua kuliko wenyeji. Mtu wa kwetu ana jina lake, jina la baba na jina la babu, au jina la ukoo, na akiolewa huongeza la nne. Pasipoti imeyapanga kwa namna moja, kadi ya ukaazi kwa namna nyingine, na leseni ya uuguzi imeacha moja nje. Kituo cha mtihani hulinganisha kitambulisho chako na jina ulilojisajili nalo, na yakitofautiana unaweza kurudishwa nyumbani. Mimi nilikuta chuo nilichosoma kimelifupisha jina langu la kati kuwa herufi moja, ilhali leseni yangu ililiandika kamili, na karibu wiki tatu zilipotea kwa barua za kuthibitisha kwamba watu hao wawili ni mtu mmoja. Basi chukua leseni ya uuguzi, leseni ya udereva, pasipoti na nakala ya matokeo ya chuo, viweke mezani pamoja, na usome majina herufi kwa herufi kabla ya kufungua fomu ya maombi.

Nakala rasmi ya matokeo hutumwa na chuo moja kwa moja kwa bodi, na cheti hakitolewi mpaka nakala ya mwisho inayoonyesha kwamba shahada imetunukiwa imefika. AANPCB ikikukubali hukupa dirisha la siku 120 za kufanya mtihani. Usiombe mapema mno, dirisha likakimbia kabla hujawa tayari, wala usichelewe hadi masomo yakapoa kichwani. Wiki 10 hadi 12 za maandalizi baada ya kumaliza masomo zinawatosha wengi.

Hatua ya tatu: jipime kabla ya kusoma

Kosa la kawaida ni kununua kitabu kinene na kuanzia ukurasa wa kwanza. Anza kwa maswali. Fanya maswali 100 yaliyochanganywa, kwa muda uliopimwa, bila kufungua kitabu chochote. Bodi zote mbili zina maswali ya mfano, na zipo hazina nyingi za maswali za kulipia. Kisha uchukue kila swali ulilokosa na uliweke katika fungu moja kati ya matatu: nililokuwa sijui kabisa, nililowahi kujua nikasahau, na nililojua lakini nikachagua vibaya.

Fungu la kwanza linatibiwa kwa kusoma na la pili kwa kurudia. Fungu la tatu halitibiwi kwa kitabu, na kwa muuguzi mwenye uzoefu mrefu mara nyingi ndilo kubwa kuliko yote. Humo ndimo utakapokuta majibu ya aina ya "mpeleke kwa daktari bingwa" na "simamisha dawa", uliyoyachagua kwa mazoea. Andika pembeni mwa kila moja kilichokuvuta kwenye jibu hilo, hata kama ni aibu kukiandika.

Hatua ya nne: panga ratiba inayolingana na zamu zako

Anayefanya zamu tatu za saa 12 kwa wiki ana siku nne zilizobaki, lakini siku inayofuata zamu ya usiku si siku ya kusoma, na kujidanganya juu ya hilo ndiko kunakovunja ratiba nyingi. Hesabu siku tatu. Katika kila siku weka vipindi viwili vya dakika 90, cha kwanza cha maswali 40 na cha pili cha kusoma yale ambayo maswali hayo yamefichua. Siku za kazi zitoshe maswali 10 kwenye simu wakati wa mapumziko, basi.

Kwa wiki nane za mwanzo zunguka mwili mfumo kwa mfumo, ukiupa muda zaidi moyo na shinikizo la damu, mapafu, kisukari na tezi za homoni, tumbo, ngozi, afya ya wanawake na maambukizi ya kawaida, kwa kuwa hayo ndiyo yanayoingia kliniki ya familia kila siku. Kazi ya NP ilianzia huko: mwaka 1965 Loretta Ford, muuguzi, na Henry Silver, daktari wa watoto, walianzisha programu ya kwanza katika Chuo Kikuu cha Colorado ili muuguzi aweze kuwahudumia watoto na familia zisizofikiwa na madaktari. Mtihani bado una harufu ya chimbuko hilo. Mgonjwa wako wa kwenye karatasi ana kikohozi, ana presha, anataka uzazi wa mpango. Ni mara chache atakuwa kwenye mashine ya kupumulia, hata kama wewe umezeekea ICU.

Kuhusu nyumbani, sema mapema. Tangaza kwa familia na kanisani au msikitini kwamba kwa miezi mitatu hutakuwa mweka hazina wa harambee yoyote. Mchango utoe, uenyekiti ukatae. Simu kutoka Afrika Mashariki, ambazo kwa tofauti ya saa hupenda kuingia usiku wa manane, zipangie siku moja ya wiki.

Ukiweza, unda kundi la watu watatu au wanne, wasizidi hapo, mkutane kwa simu mara moja kwa wiki, na kila mmoja aeleze ugonjwa mmoja kwa Kiswahili kana kwamba anamweleza shangazi yake. Anayeweza kueleza kwa Kiswahili cha kawaida kwa nini tezi ya shingo iliyozidisha kazi humfanya mtu akonde huku anakula vizuri, ameelewa. Anayekwama na kurukia istilahi za darasani bado anakariri.

Hatua ya tano: hamisha maarifa ya nyumbani

Aliyesomea uuguzi Kenya au Tanzania ana hazina kubwa, lakini hazina hiyo ina lebo tofauti, na swali likikupa sekunde 72 huna muda wa kutafsiri. Anza na dawa, kama majina yanavyoandikwa kwenye kibandiko. Uliyoijua kama paracetamol huku ni acetaminophen, salbutamol ni albuterol, adrenaline ni epinephrine, glibenclamide ni glyburide, rifampicin ni rifampin, pethidine ni meperidine, na lignocaine ni lidocaine. Nilijua haya yote, na bado katika jaribio langu la kwanza nilitumia muda mrefu nikitafuta salbutamol katika majibu yaliyokuwa na albuterol.

Kisha vipimo. Sukari ya damu kwetu husomwa kwa milimoli, huku kwa miligramu. Zidisha kwa 18, hivyo 7.0 ya nyumbani ni 126 ya huku, ambayo ndiyo mpaka wa kisukari kwa aliyefunga kula. Homa ya nyuzi 38 ni 100.4 kwa Farenhaiti. Uzito wa mtoto huja kwa pauni, na kilo moja ni pauni 2.2.

Panapohitaji umakini zaidi ni pale ambapo maarifa ya nyumbani ni sahihi lakini mahali pake ni pengine. Mtoto wa kwetu huchanjwa surua akiwa na miezi 9 na tena miezi 18. Huku chanjo ya surua, matubwitubwi na rubela hutolewa kati ya miezi 12 na 15, na ya pili kati ya miaka 4 na 6. Kwetu mtoto hupewa BCG, chanjo ya kifua kikuu, anapozaliwa. Huku haitolewi kwa kawaida, na swali la mhamiaji aliyechanjwa BCG linalouliza kipimo kinachofaa cha kifua kikuu linataka kipimo cha damu, yaani IGRA. Kipimo cha ngozi kikitumika, unapima uvimbe mgumu peke yake na kuuacha wekundu, na mpaka hutegemea mtu: milimita 5 kwa mwenye VVU au aliyeishi karibu na mgonjwa, 10 kwa aliyehamia katika miaka 5 iliyopita kutoka nchi yenye kifua kikuu kingi, na 15 kwa asiye na hatari yoyote.

Halafu homa. Mtu aliyekulia Kisumu au Morogoro akisikia homa, kichwa na maumivu ya mwili, akili yake hufika malaria kabla sentensi haijaisha. Kwenye mtihani huu tafuta kupe. Upele wa duara unaopanuka kama shabaha, kwa mtu aliyetembea msituni Connecticut au Minnesota, ni ugonjwa wa Lyme. Homa kali na upele ulioanzia vifundo vya mikono na miguu kisha ukaelekea kiwiliwili ni homa ya madoa ya Rocky Mountain, nayo hutibiwa kwa doksisaiklini mara moja bila kusubiri majibu ya maabara, hata kwa mtoto mdogo, jambo linalowatatiza wengi waliofundishwa kwamba dawa hiyo ni mwiko kwa watoto. Malaria haijafutwa; inangoja swali linalosema kwamba mgonjwa amerudi kutoka safari wiki mbili zilizopita.

Hatua ya sita: kariri umri na mipaka, kutoka chanzo cha sasa

Yapo mambo yasiyohitaji falsafa, ni ya kukaririwa tu. Andika kwenye karatasi moja mapendekezo ya uchunguzi wa kinga ya USPSTF, jopo la wataalamu wa kinga la Marekani, na uibandike kwenye mlango wa friji. Saratani ya utumbo mpana, kuanzia miaka 45. Matiti, mamogramu kila baada ya miaka 2 kuanzia 40 hadi 74. Mlango wa kizazi, kuanzia miaka 21, bila kujali alianza kujamiiana lini. Mapafu, kila mwaka kwa mwenye miaka 50 hadi 80 aliyevuta kiasi cha pakiti moja kwa siku kwa miaka 20 au zaidi, ikiwa bado anavuta au ameacha ndani ya miaka 15. Mshipa mkuu wa tumbo, ultrasaundi mara moja kwa mwanamume wa miaka 65 hadi 75 aliyewahi kuvuta. Kisukari, miaka 35 hadi 70 kwa mwenye uzito uliozidi.

Tahadhari kuhusu vitabu vya kurithi: utumbo mpana ulishushwa kutoka miaka 50 hadi 45 mwaka 2021, na mamogramu kutoka 50 hadi 40 mwaka 2024. Mwenzetu aliyekupa kitabu chake cha mwaka 2018 alikupa kwa moyo mweupe, lakini majibu mengine ndani yake leo ni makosa.

Hatua ya saba: jifunze kulisoma swali

Hapa ndipo ningependa utumie nusu ya nguvu zako. Soma sentensi ya mwisho ya swali kwanza, ili ujue unaulizwa nini: ugonjwa, kipimo, matibabu au ufuatiliaji. Kisha rudi juu, uchukue umri, muda wa dalili na chochote cha hatari. Jibu kichwani kabla ya kuangalia majibu yaliyotolewa. Tazama mfano huu, ambao nimeutunga kwa kufuata mtindo wa mtihani:

Mama wa miaka 58 mwenye kisukari alianzishiwa lisinoprili wiki 2 zilizopita kwa sababu ya shinikizo la damu na protini kwenye mkojo. Leo shinikizo lake ni 128/78 na hana lalamiko lolote. Kreatinini imepanda kutoka 1.0 hadi 1.2, na potasiamu ni 4.8. Ufanye nini? Majibu ni haya: kusimamisha lisinoprili; kumpeleka kwa bingwa wa figo; kuendelea na dawa na kurudia vipimo; au kuongeza dawa ya kukojoza.

Muuguzi wa wodini aliye ndani yako ameshanyanyua simu, kwa kuwa ameona kreatinini imepanda kwa mgonjwa aliyeanza dawa mpya. Mtulize. Dawa za jamii hii hulegeza mshipa unaotoa damu kwenye chujio la figo, msukumo ndani ya chujio unapungua, na kreatinini hupanda kidogo mwanzoni; ndiyo dalili kwamba dawa inafanya kazi iliyotumwa. Ongezeko lisilozidi asilimia 30 huvumiliwa. Hapa ni asilimia 20, potasiamu iko ndani ya kiwango, shinikizo limeshuka. Endelea na dawa, rudia vipimo. Kisha jiulize, na hili ndilo zoezi lenyewe, ni nini kingebadilisha uamuzi wako: potasiamu ya 5.8, midomo na ulimi kuvimba, au mgonjwa wa miaka 30 anayekwambia kwamba hedhi imechelewa. Kila swali ulilopata au kukosa ligeuze namna hiyo, na swali moja litakufundisha manne.

Upande wa pili yako maswali ambayo kungoja ni hatari. Mzee wa miaka 72 ana maumivu mapya ya kichwa kwenye panja, taya linauma anapotafuna, na jicho moja limeanza kuona ukungu. Wengi huchagua kipande cha mshipa kikachunguzwe kwanza, kwa kuwa tumefunzwa kuthibitisha kabla ya kutibu. Hapa dalili zinaashiria uvimbe wa mishipa ya panja, kwa hiyo prednisoni huanza leo, uchunguzi unafuata, kwa sababu jicho likishapofuka halirudi.

Basi utajuaje lini utulie na lini ukimbie? Utaratibu ninaoutumia ni huu. Kama kuna kitu kinachoweza kuondoa uhai, jicho au kiungo ndani ya saa chache, chagua kitendo. Kama hakuna, na taarifa hazitoshi, chagua jibu linalokusanya taarifa: historia, kumpima, kipimo rahisi kabla ya kipimo ghali. Kama taarifa zinatosha, amua wewe, na kumpeleka kwa bingwa kuwe ni uamuzi wenye sababu unayoweza kuitaja.

Angalia pia mitego ya mfululizo, ambapo jibu limo katika kosa lililokwisha kufanyika. Kijana wa miaka 17 mwenye koo linalouma, uchovu mwingi na tezi zilizovimba nyuma ya shingo alipewa amoksilini, na sasa ana upele mwili mzima. Usikimbilie mzio wa penisilini; fikiria homa ya tezi inayoletwa na virusi vya Epstein-Barr, usimamishe dawa, na umwambie akae nje ya uwanja wa mpira kwa wiki 3 angalau, kwa ajili ya bandama lake.

Hatua ya nane: wiki za mwisho na siku yenyewe

Katika wiki nne za mwisho fanya mtihani kamili wa majaribio mara moja kila wiki, maswali 150 kwa mkao mmoja, saa ile ile uliyopangiwa, simu ikiwa chumba kingine. Uchovu wa swali la 110 ni kitu cha kuzoewa kama kingine chochote. Lengo rahisi la muda ni maswali 50 kila saa. Ukiwa nyuma ya hapo, weka alama kwenye swali gumu, jaza jibu lolote, songa mbele. Jibu la kubahatisha halikupunguzii alama, lakini swali tupu limekwisha kupotea. Siku nyingine zisomee daftari la makosa peke yake.

Usipange zamu ya usiku ndani ya siku tatu kabla ya mtihani, hata wakikuomba kwa malipo ya ziada, na wataomba. Siku moja kabla, endesha gari hadi kituoni uone mahali pa kuegesha. Soma barua ya uthibitisho uone vitambulisho vinavyotakiwa. Vitu vyako vitawekwa kabatini, kwa hiyo rozari, tasbihi au kitambaa cha mama huenda visiingie nawe. Ukipewa kibao au karatasi ya kuandikia, mimina hapo namba zinazokuponyoka: 5, 10, 15, 126, asilimia 30, 45, 40, 21.

Baada ya mtihani

Ukishindwa, utapata taarifa inayoonyesha sehemu ulizokuwa dhaifu. Isome siku ya tatu, usiisome siku ile ile. AANPCB itakutaka ukamilishe saa 15 za masomo ya kuendelea katika sehemu hizo kabla ya kurudia, na hukuruhusu kufanya mtihani mara 2 katika mwaka mmoja wa kalenda. ANCC hutaka upite muda wa siku 60 kati ya jaribio na jaribio, na yasizidi 3 katika miezi 12. Linganisha taarifa hiyo na mafungu yako matatu. Kama makosa yako bado ni ya fungu la tatu, kununua kitabu kingine hakutakusaidia, rudi kwenye hatua ya saba.

Ukifaulu, kumbuka kwamba cheti si leseni. Iombe bodi yako itume uthibitisho kwa Bodi ya Uuguzi ya jimbo, kisha uombe leseni ya NP huko. Sheria hutofautiana sana: Minnesota humruhusu NP kufanya kazi kwa mamlaka yake kamili, ilhali Texas humtaka awe na makubaliano ya maandishi na daktari ndipo aandike dawa. Utahitaji namba ya NPI, yaani namba ya taifa ya kumtambulisha mtoa huduma, yenye tarakimu 10, inayopatikana bila malipo, na usajili wa DEA, idara ya serikali kuu inayosimamia dawa zinazodhibitiwa, kama utaandika dawa hizo. Baada ya hapo mwajiri atakuandikisha kwa kampuni za bima, na shughuli hiyo huweza kuchukua miezi kadhaa, kwa hiyo usiiache kazi yako ya wodini mpaka tarehe ya kumwona mgonjwa wa kwanza iwe imeandikwa kwenye mkataba.